Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Kwa miaka mitatu mfululizo, kila Desemba, niliandika kwenye blogu yangu makala ya kufunga mwaka. Nilitaja nyumba nilizozipiga picha mwaka huo, nikasema zipi zimebaki na zipi zimevunjwa, halafu nikamalizia na mipango ya mwaka unaokuja. Mwaka wa nne nilikaa mbele ya kompyuta siku nne, saa ya mapumziko ya mchana, na sikuweza kuandika hata mstari wa kwanza. Nataka kueleza kwa nini, kwa sababu wakati ule sikueleza vizuri.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari Kariakoo, upande wa Gerezani. Kazi yetu ilikuwa kutaipu barua za maombi ya kazi, mikataba, risala za harusi, na kutoa fotokopi kutwa nzima. Blogu ilikuwa starehe yangu tu. Hakuna aliyenituma wala aliyenilipa.

Nilizaliwa Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja. Nikiwa mdogo maduka yalikuwa matupu, tunapanga foleni kwa kipande cha sabuni. Halafu biashara zikafunguliwa, vitu vikaanza kumiminika kutoka Dubai na baadaye China, na mtaa wetu ukabadilika mbele ya macho yetu. Kwanza mabaraza yalizibwa yakawa maduka. Kisha vyumba vya mbele vikawa stoo. Kisha wenye nyumba wakagundua kwamba kiwanja kina thamani kuliko kilichojengwa juu yake, na maghorofa yakaanza kuota.

Nyumba yetu ilivunjwa nikiwa nimeshahamia Ilala. Siku niliyopita pale nikakuta shimo lenye maji, nikasimama nikijaribu kukumbuka mlango wetu ulikuwa na rangi gani. Nikashindwa. Nilimuuliza mama, akasema kijani. Kaka yangu akasema bluu, tena akabisha kwa hasira kana kwamba tunagombea urithi. Wiki ile ile nilinunua kamera ya dijitali ya mtumba, na kila Jumapili asubuhi, wakati mitaa imetulia kidogo, nikawa nazunguka. Nilipiga picha nyumba moja kwa wiki, nikaongea na wanaoishi ndani, nikaandika walichonisimulia. Wasomaji wangu walikuwa wachache, kama watu ishirini hivi. Wengi wao walikuwa watu wa Dar walioko ng'ambo, wanaoacha maoni ya mstari mmoja: “Umenikumbusha nyumbani.”

Bibi niliyemkuta mwaka huo wa nne alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu. Nilimkuta anafagia baraza, moja ya mabaraza machache yaliyokuwa bado hayajazibwa mtaani kwake. Nyumba ilikuwa katikati ya maghorofa mawili, jua linaigusa saa moja tu kwa siku.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Unatafuta chumba? Vimejaa.”

Nilimweleza ninachofanya. Aliitazama kamera, akanitazama mimi, akaniambia nisubiri. Alirudi amebadilisha khanga, amepaka wanja.

Alikuwa amefanya kazi ya opereta wa simu mjini, enzi zile ukitaka kumpigia mtu unamwomba opereta akuunganishe. Alikuwa na sauti ya kazi ile bado, nyororo, kila neno limekamilika. Alinitajia namba za simu za maduka yaliyokufa miaka mingi kabla sijazaliwa. Duka la vitambaa, namba hii. Daktari wa meno, namba hii. Mwanasheria aliyekuwa akigombana na mkewe kwenye laini, namba hii. Alicheka akiniambia kwamba alijua siri za mji mzima na hakuwahi kutoa hata moja.

Tulikaa barazani mpaka adhuhuri. Ndipo akanisimulia habari za mwenye nyumba. Alikuwa mzee wa Kiarabu, muuza duka, ambaye mke na watoto wake waliondoka kwenda Muscat mambo yalipokuwa magumu. Yeye alikataa kuondoka. Alibaki peke yake chumba cha mbele, na macho yakaanza kumpotea. Bibi alikuwa mpangaji wake chumba cha pili. Alianza kwa kumsomea gazeti asubuhi, mwisho akawa anampikia, anamfulia, anamshika mkono kumpeleka msikitini na kumsubiri nje. Miaka kumi na moja.

“Watu walisema ni mume wangu,” alisema. “Hakuwa mume wangu. Niliwaacha waseme.”

Kabla ya kufa yule mzee alimwambia asitoke nyumba ile mpaka naye afe. Hakuandika popote. Alikuwa haoni, angeandikaje. Baada ya mazishi bibi alisubiri barua kutoka Muscat, mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Haikuja. Akawa yeye ndiye anayeangalia nyumba. Akazibua mifereji, akabadilisha bati zilizooza, akapokea kodi za wapangaji wengine na kulipia ardhi kwa jina la marehemu.

Nilikuwa naandika haraka kwenye daftari. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu.

“Hayo ya mwenye nyumba usiyaweke. Andika simu. Andika baraza. Hayo mengine nimekwambia wewe tu.”

“Sawa, bibi,” nikasema.

Nilikuwa namaanisha nilipokuwa nasema. Ila nilipokaa kuandika, makala bila yule mzee haikuwa na uhai. Ilikuwa bibi mmoja na namba za simu. Nilijaribu mara mbili, nikaona imepooza. Nikajiambia, nani atasoma? Watu ishirini. Nikayaweka yote: upofu, gazeti, msikiti, watoto wa Muscat. Nikataja mtaa. Na kwa kuwa nilitaka kichwa cha habari kinachovutia, nikaandika: “Nyumba isiyo na mwenyewe.”

Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliirudia kichwani nikiwa nimesimama kwenye mashine ya fotokopi.

Wiki tatu baadaye yakaja maoni marefu kuliko yote niliyowahi kupata. Aliyeandika alisema ametumiwa makala na binamu yake aliyeko London, ameisoma akilia, kwa sababu mzee niliyemwandika ni baba yake mzazi. Aliondoka Dar akiwa na miaka minane. Hawakujua nyumba bado imesimama, waliambiwa ilichukuliwa na serikali zamani. Alinishukuru, akaniombea dua. Nilifurahi. Naandika hili kwa aibu lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwita mwenzangu wa dukani aje asome, nikamwambia, unaona, blogu imefanya kazi.

Nilimjibu yule bwana. Aliniuliza kama yule bibi bado yupo na kama nyumba ina wapangaji, nikamjibu kila kitu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayejaza fomu.

Alikuja baada ya Idi. Alinipigia simu dukani, akaniomba nimpeleke. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, amevaa kanzu nyeupe, anaongea Kiswahili cha kizamani kilichobaki jinsi kilivyokuwa siku alipoondoka. Njiani aliniambia anakumbuka harufu ya uani baada ya mvua. Nilimpenda. Sitaki msomaji amfikirie kuwa mtu mbaya, kwa sababu hakuwa.

Bibi alikuwa anachambua mchele barazani. Nilimwambia nimemletea mgeni. Yule bwana akainama akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akajitambulisha ni mtoto wa nani. Bibi alisimama, mchele ukamwagika kutoka kwenye ungo mpaka chini, akamwongoza ndani. Yule bwana alipofika kwenye mlango wa chumba cha mbele alishika ukuta akalia kwa sauti. Bibi alimletea maji. Nadhani mpaka hapo alidhani kaja kuzuru kaburi la baba yake.

“Umetujuaje, mwanangu?” alimuuliza. “Miaka yote hii.”

Yule bwana alitoa karatasi kwenye mkoba. Alikuwa ameichapisha makala yangu nzima, na picha ya bibi na wanja wake juu. Kichwa cha habari alikuwa amekipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

“Huyu dada ametusaidia,” alisema. “Mungu amlipe.”

Bibi alivaa miwani akasoma. Alisoma polepole mpaka mwisho. Alipomaliza aliikunja karatasi akamrudishia mwenyewe.

Siku ile hakunisemesha. Nilirudi kesho yake peke yangu.

“Uliandika,” alisema.

“Niliandika, bibi.”

“Nilikwambia usiandike.”

“Uliniambia.”

“Haya.” Akaendelea kukunja nguo zake. Nilikaa pale kama nusu saa nikingoja anitukane. Sijui ningefanya nini na matusi yake, lakini niliyahitaji. Aliniuliza tu kama nitakunywa chai, na nilipokataa hakunibembeleza.

Watoto wa marehemu walikuwa saba. Huyu aliyekuja ndiye aliyetaka nyumba ibaki. Aliniambia hivyo mwenyewe, nami ninamwamini. Wengine sita hawakuwa na habari ya uani wala mvua, na mfanyabiashara mmoja wa mtaani alikuwa amewafikia kwa simu kabla mwenzao hajarudi Muscat. Waliamua kuuza. Bibi alipewa miezi mitatu.

Nilijaribu. Nilimpeleka bibi serikali ya mtaa. Mwenyekiti alitupokea vizuri, akatuagizia soda, akasikiliza habari yote. Halafu akauliza, “Ana karatasi yoyote?”

“Ana stakabadhi za kulipia ardhi,” nikasema.

“Zina jina la nani?”

“La marehemu.”

“Basi mama, hizo zinawasaidia wao.”

Nilimtafuta mwanasheria aliyekuwa akija kutaipu kwetu. Alisema angalau kungekuwa na ndoa. Niliona bibi anamtazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ile ya opereta, “Hapakuwa na ndoa.” Angeweza kudanganya. Majirani wote walikuwa tayari kushuhudia kwamba walikuwa mtu na mkewe, walikuwa wakisema hivyo miaka yote. Nje nilimwambia, “Bibi, ungesema ilikuwepo.” Akanijibu, “Mimi nikisema neno, ndilo hilo.” Sikuthubutu kumtazama usoni.

Niliifuta ile makala. Nilibonyeza kitufe na ikatoweka, picha na kila kitu, na hakuna kilichobadilika.

Nyumba ilivunjwa Jumapili moja ya Oktoba. Bibi alikuwa ameshahama. Vijana walipanda juu kwa nyundo, wakatoa bati kwanza, kisha boriti, kisha wakaanza kuangusha kuta za udongo kwa kusukuma tu. Vumbi lilikuwa jekundu. Nilikuwa na kamera mkobani na nilikuwa nimejiapia kwamba sitaitoa. Niliitoa. Nilipiga picha arobaini na kitu, mkono umeshazoea, jicho linachagua lenyewe wapi mwanga upo. Katikati ya kazi ile nikagundua nimeshaanza kutunga sentensi ya kwanza kichwani. Niliifunga kamera nikaondoka kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja, nikakaa kwenye benchi bila kujua nimekaa muda gani.

Mwanzoni mwa Desemba nilienda kumtafuta Buguruni, alikohamia kwa mtoto wa dada yake. Walikuwa watu sita kwenye vyumba viwili vya kupanga, nyuma yao gereji inayogonga mabati tangu asubuhi. Nilimkuta amekaa kitandani, mlango umefungwa mchana kweupe, amejiziba masikio kwa pamba. Mpwa wake aliniambia ametoka nje mara mbili tu tangu aje. Mara ya kwanza alienda kutafuta baraza la kukaa, akaambiwa na mwenye kibanda cha chips ahame anazuia wateja. Mara ya pili alipotea. Mwanamke aliyebeba namba za mji mzima kichwani hakujua kurudi nyumba ya nne kutoka barabarani.

Nilimletea sukari na majani ya chai. Alitoa pamba sikio moja.

“Hujambo, mwandishi?”

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilisema sijambo.

“Unaandika bado?”

“Sijaandika tangu Oktoba.”

“Usiniandike tena,” alisema. “Hata kwa uzuri. Hata nikifa.” Akafikiri kidogo. “Nikifa utafanya utakavyo, sitakuwepo kukuzuia. Lakini nikiwa hai, usiniandike.”

“Sitakuandika, bibi.”

“Uliwahi kuniambia hivyo.”

Alirudisha pamba sikioni. Nilikaa mpaka mpwa wake akaniambia kwa upole kwamba bibi akifanya hivyo huwa anataka kulala.

Ndiyo sababu sikuweza kuandika makala ya kufunga mwaka. Siku ya tano niliandika mistari sita. Nilisema kwamba nyumba fulani imevunjwa, kwamba ilivunjwa kwa sababu niliandika jambo nililoombwa nisiliandike, na kwamba sina mipango ya mwaka ujao. Sikumtaja bibi. Maoni yalikuja matatu. Wa kwanza alisema nisijilaumu, maendeleo hayazuiliki. Wa pili alinitakia heri ya mwaka mpya. Wa tatu aliuliza ni mtaa gani, na kama kwenye jengo jipya fremu za maduka zimeanza kupangishwa. Nilimjibu kwamba bado wanachimba msingi. Sijui kwa nini nilimjibu.

Bibi alifariki wakati wa masika. Hakuugua ugonjwa wenye jina. Mpwa wake alisema aliacha kula kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza sauti ya redio. Nilienda msibani nikakaa uani na wanawake wengine, tukamenya vitunguu. Mmoja aliniuliza mimi ni nani yake. Nilisema jirani wa Kariakoo, na hilo pia halikuwa kweli.

Sasa ni Desemba nyingine, na ninaandika haya kwa sababu amekufa na alisema nitafanya nitakavyo. Sina hakika kama ile ilikuwa ruhusa. Nikiisikia sauti yake kichwani haisikiki kama ya mtu anayeruhusu. Inasikika kama ya mtu aliyechoka kunikataza.

Mwezi huu alikuja dukani mzee mmoja wa Kihindi, fundi saa wa Kisutu, kutoa fotokopi za pasi yake na ya mkewe. Wanahamia kwa mtoto wao Kanada. Aliitazama sura yangu akasema ananikumbuka, niliwahi kupita mtaani kwao na kamera.

“Dada, njoo upige picha nyumba yetu kabla hatujaondoka,” alisema. “Babu yangu ndiye aliyeijenga. Juu kuna roshani ya mbao, nzuri sana.”

Nilimwambia nimeacha.

“Kwa nini?”

Nilimwambia kwa nini. Nilimweleza yote, nimesimama nyuma ya kaunta, fotokopi zake mkononi, na wateja wawili nyuma yake wanangoja. Alisikiliza bila kunikatiza.

“Lakini sisi tumeshauza,” alisema. “Hakuna cha kuharibu tena, dada.”

Jumapili nilienda, bila kamera. Mkewe alinipikia chai ya maziwa yenye iliki, akanionyesha chumba kimoja baada ya kingine, masanduku yamefungwa kwa kamba, ukutani alama nyeupe za mahali picha za miungu yao zilipokuwa zimetundikwa. Mzee alinitangulia kwenye roshani, akanionyesha alipokuwa akikaa na babu yake. Alikuwa akisimulia vizuri, kwa mpangilio, anasimama kidogo mahali ambapo mtu angetaka kuandika. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Nilijaribu kumsikiliza kama mgeni wa kawaida anavyomsikiliza mwenyeji wake, na sikuweza. Kila alichosema kilikuwa kinajipanga chenyewe kuwa makala, na kila kilipojipanga nilikuwa naona pamba kwenye masikio ya bibi.

Kwenye ngazi aliniuliza, “Sasa haya nani atayaandika?”

“Sijui, mzee,” nikasema.

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alinisindikiza mpaka mlangoni, tukaagana. Waliondoka wiki iliyofuata, na mimi nilikuwa kazini, ninataipu barua ya mtu anayeomba kazi ya ulinzi.